Poliamini: kwa nini kitu kilekile huiokoa seli na pia huiua

Katika mazungumzo ya afya siku hizi yako madai mawili yanayopingana, na yote mawili husemwa kwa uhakika uleule. La kwanza ni kwamba spermidini, inayouzwa sasa kwa vidonge, husafisha seli, huchelewesha uzee na kurefusha maisha. La pili ni kwamba spermidini na ndugu zake, ambao kwa jina la ukoo huitwa poliamini, huilisha kansa, na kwamba wapo madaktari wanaotoa dawa ya kuzipunguza mwilini. Anayesikia yote mawili kwa siku moja ana kila sababu ya kuchanganyikiwa. Naye si mtu wa kubeza hata kidogo: huenda ni mzee anayetafuta namna ya kulinda kumbukumbu yake, au mgonjwa anayejiuliza kama aendelee kula soya.

Madai yote mawili yana mzizi wa kweli. Yanaonekana kugombana kwa sababu yamekatwa kutoka kwenye swali moja kubwa zaidi, ambalo watafiti wamelishughulikia kwa miongo kadhaa: poliamini zina kazi gani pale seli inapoamua kufa? Tukilifuata swali hilo taratibu, ugomvi wenyewe utapungua.

Tuanze na kifo chenyewe.

Kufa kwa mpango

Seli ni chumba kidogo hai, na mwili umejengwa kwa matrilioni ya vyumba hivyo. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba seli ikifa, kuna kitu kimeharibika. Mara nyingi sivyo. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2021, mwili wa mtu mzima hubadilisha seli zipatazo bilioni 330 kila siku, nyingi zikiwa za damu na za utando wa utumbo. Mkono wa mtoto tumboni huanza ukiwa kama kasia dogo, halafu seli zilizo kati ya vidole hufa na vidole huachana. Kiluwiluwi hupoteza mkia wake kwa njia hiyohiyo. Kuna mnyoo mdogo sana wa udongoni, mpenzi wa maabara, ambaye katika kukua kwake hutengeneza seli 1,090 za mwili, na kati ya hizo 131 hufa, zilezile, kwa wakati uleule, katika kila mnyoo. Waliofuatilia seli za mnyoo huyo moja baada ya nyingine, Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kifo cha namna hii kina jina: apoptosisi. Lilitolewa mwaka 1972 na John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, kwa ushauri wa profesa wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, James Cormack. Katika Kigiriki neno hilo husemwa kwa majani yanayopukutika mtini. Nalipenda jina hili, kwa maana linasema jambo ambalo maelezo marefu hushindwa kulisema: mti unapopukutisha majani hauugui.

Ili kuelewa tofauti ya vifo, fikiria nyumba mbili. Ya kwanza imeshika moto. Paa limeanguka, vioo vimepasuka, moshi umeingia kwa majirani, na mtaa mzima umeamka. Ya pili imeondolewa na mafundi: wamekata umeme kwanza, wamefunga maji, wamevua mabati, wameng'oa milango na madirisha, wamepanga mbao na matofali kwa mafungu, gari likaja likabeba. Jirani anaamka asubuhi na kukuta kiwanja kitupu. Nyumba inayoungua ni seli inayokufa kwa jeraha, ile inayopasuka na kumwaga yaliyomo hadi sehemu nzima ikavimba. Nyumba inayovunjwa na mafundi ni apoptosisi.

Mafundi hao ni vimeng'enya viitwavyo kaspasi. Huwamo ndani ya seli muda wote, vikiwa vimelala. Njia mojawapo ya kuviamsha hupitia kwenye mitokondria, zile sehemu za seli zinazozalisha nishati: kuta za mitokondria zikitobolewa, protini iitwayo saitokromu c huvuja na kuwasha mlolongo wa kaspasi. Zikishaamka, hukata nguzo za seli na kuachilia mkasi unaokatakata DNA vipande vipande. Seli husinyaa, hugawanyika mafungu madogo yaliyofungwa vizuri, na seli walaji huja kuyameza. Uvimbe hautokei.

Sasa, nani humpa fundi amri? Ishara ni nyingi. Mojawapo, ambayo husahaulika, ni kiasi cha poliamini kilichomo ndani ya seli.

Hizi poliamini ni nini hasa

Jina lao limewadhuru. Mwaka 1678 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, aliyekuwa akichungulia kila kitu kwa lenzi zake za kujitengenezea, alieleza fuwele alizoziona katika shahawa zilizoachwa zikae. Mwaka 1888 kiini cha fuwele hizo kikapewa jina la spermini. Miaka mitatu kabla ya hapo, Ludwig Brieger wa Berlin alikuwa ameipata putresini katika nyama iliyooza, na akaipa jina linalotokana na neno la kuoza. Muundo halisi wa spermini haukujulikana hadi miaka ya 1920. Hivyo ukoo mzima umebaki na majina ya shahawa na mizoga, na hadi leo wapo wanaoamini kwamba spermidini ni kitu cha wanaume, au dawa ya nguvu za kiume, au sumu ya uozo. Hakuna hata kimoja. Poliamini zimo katika seli za mwanamke, za mtoto, za mchicha, za hamira, za bakteria. Ni kongwe kuliko tofauti ya mnyama na mmea.

Kikemia ni kitu chepesi kushangaza: mnyororo mfupi wa kaboni wenye vikundi vya naitrojeni vinavyobeba chaji chanya. Putresini ina vikundi viwili, spermidini ina vitatu, spermini ina vinne. Hiyo chaji chanya ndiyo siri yake yote. DNA, uzi unaohifadhi maagizo ya urithi, na RNA, nakala ya maagizo hayo, zimejaa chaji hasi, na nyuzi zenye chaji ya namna moja husukumana. Poliamini huingia katikati na kuzituliza, kama kamba inavyofunga mzigo wa kuni usitawanyike. DNA iliyofungwa vizuri haikatwi ovyo, na RNA iliyotulia hufanya kazi yake ya kutengeneza protini. Isitoshe, spermidini hutoa kipande chake kuikamilisha protini moja, eIF5A, ambayo bila kipande hicho haifanyi kazi, na uundaji wa protini nyingi hukwama njiani.

Ndiyo maana seli isiyo na poliamini haikui. Hili halibishaniwi.

Tangi lenye boya

Kwa kuwa zinahitajika lakini zikizidi zina hatari, seli huzipima kwa uangalifu ambao binafsi unanistaajabisha kila ninapousoma. Chukua mfano wa tangi la maji lililo juu ya nyumba. Lina bomba la kuingiza maji, boya linalofunga bomba tangi likijaa, na mfereji wa kutolea maji.

Bomba ni kimeng'enya kinachotengeneza putresini kutokana na onithini, kemikali ndogo ya jamii ya asidi amino, jamii ambayo protini hujengwa kwayo. Watafiti hukiita ODC, nami nitafuata. Putresini ikishapatikana, hatua mbili zaidi huigeuza kuwa spermidini, kisha spermini.

Boya ni protini iitwayo antizaimu. Ubora wake uko hapa: maandishi ya RNA yanayoiagiza antizaimu yamekatika katikati, kana kwamba aliyeyaandika alikosea, na kiwanda cha protini kikiyasoma sawasawa hukomea njiani. Poliamini zikiwa nyingi, hukifanya kiwanda kiruke herufi moja, na kwa kuruka huko sentensi inakamilika. Antizaimu inatengenezwa, inaishika ODC na kuipeleka kwenye kinu cha seli cha kusagia protini. Bomba linafungwa. Yaani maji yenyewe ndiyo yanayoliinua boya. ODC katika seli za wanyama kama sisi huwa na maisha mafupi kupita kiasi. Nusu yake hutoweka ndani ya dakika kati ya 10 na 30. Seli isingeisaga protini kwa haraka hivyo kama kosa dogo la kiasi lisingekuwa na gharama.

Mfereji ni kimeng'enya kingine, SSAT, kinachozitia alama spermidini na spermini ili zitolewe nje ya seli au zivunjwe. Mfereji huu tuukumbuke. Mambo mengi kuhusu kifo yako hapo, wala si ndani ya tangi.

Tangi likikauka

Seli inayotengenezewa uhaba wa poliamini kwanza husimama. Haigawanyiki tena, hukaa ikisubiri. Uhaba ukiendelea au ukiwa mkali, baadhi ya seli huingia apoptosisi. Sababu moja ni ile kamba ya kuni: DNA iliyolegea hukatika kwa urahisi zaidi. Mwaka 1991 watafiti waliochunguza seli changa za kinga kutoka tezi ya thaimasi, ambazo hufa kwa mpango zikipewa dawa za jamii ya kotisoni, walionyesha kwamba spermini huzikinga na ule ukataji wa DNA. Mwaka 1998 ikaonyeshwa pia kwamba spermini hunasa moja kwa moja molekuli kali za oksijeni zinazouma DNA. Kwa upande huu, basi, poliamini ni mlinzi.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini seli za utando wa utumbo wa panya, zilipopunguziwa poliamini maabara, zilionyesha kinyume: zilichelewa kufa zilipopigwa na visababishi vya kifo. Mafundi walikuwa wameitwa, ila walisuasua. Inaelekea seli iliyosimama huwasha njia zake za kujilinda, na huenda kazi ya kuvunja nyumba nayo inahitaji poliamini ili iende. Kwa hiyo sentensi ya “poliamini zikipungua seli hufa” ni kweli kwa seli fulani katika hali fulani, na si kweli kwa nyingine. Anayeitoa kama kanuni ya mwili mzima anakudanganya, hata kama hakukusudia.

Tangi likifurika, na kosa lililofundisha

Upande wa ziada una hadithi ambayo ningependa kila mwanafunzi wa sayansi aijue.

Kwa miaka mingi watu walimimina spermini au spermidini kwenye seli zinazokuzwa katika sahani za maabara, na seli zilikufa. Hitimisho lilionekana wazi: poliamini nyingi ni sumu. Tatizo lilikuwa kwenye chakula cha seli. Seli za sahani hulishwa majimaji ya damu ya ndama, na majimaji ya ng'ombe yana kimeng'enya kinachoivunja spermini palepale, nje ya seli, kabla haijaingia popote. Uvunjaji huo hutoa haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ya kuua vijidudu na kung'arisha nguo, pamoja na kemikali kali za jamii ya aldehaidi, ikiwemo akroleini. Seli zilikuwa zinakufa kwa takataka hizo. Walipotia kizuizi cha kimeng'enya hicho, kiitwacho aminoguanidini, sehemu kubwa ya sumu ilitoweka.

Matokeo ya zamani mengi ikabidi yasomwe upya. Lakini kosa hilo lilikuwa limeonyesha kidole mahali panapostahili, kwa sababu ndani ya seli zetu wenyewe kuna vimeng'enya vinavyofanya kazi kama hiyo. Kimoja huivunja spermini moja kwa moja, kingine huvunja zile zilizokwisha kutiwa alama na SSAT. Mfereji ukifunguliwa ghafla, poliamini hupungua na papo hapo haidrojeni peroksaidi hupanda. Seli inapata mapigo mawili kwa wakati mmoja: imevuliwa mlinzi wa DNA, na imemwagiwa kinachoichoma DNA. Mitokondria hutobolewa, saitokromu c huvuja, na mafundi wanaamka.

Mfano ulio hai zaidi uko tumboni. Bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, huzifanya seli za utando wa tumbo ziongeze kimeng'enya cha kuvunja spermini. Haidrojeni peroksaidi inayotoka humo huharibu DNA. Seli nyingi hufa, na hizo si shida kubwa, kwa sababu zilizokufa hubadilishwa. Shida ni zile zinazobaki hai na DNA iliyoumia, maana baadhi yake ndizo huanza safari ya kuelekea kansa. Hapo kifo cha seli ndicho kilichokuwa kinga, na kukosekana kwake ndiko kulikoleta hatari.

Ipo pia njia ya kifo isiyo apoptosisi, iliyopewa jina la feroptosisi mwaka 2012, ambapo mafuta ya kuta za seli huoza kwa msaada wa chuma. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba p53, jeni maarufu la ulinzi dhidi ya kansa, huweza kuiwasha SSAT na kuisukuma seli kwenye njia hiyo. Sitazama zaidi hapo. Inatosha kujua kwamba mfereji wa poliamini una milango zaidi ya mmoja inayofungukia kifo.

Kansa inaingiaje

Seli ya kansa ni seli inayokua bila ruhusa, na kwa kukua inahitaji poliamini. Jeni liitwalo MYC, ambalo huwa limekasirika katika kansa nyingi, hulifungua bomba la ODC moja kwa moja. Hivyo ni kweli kwamba uvimbe mwingi una poliamini nyingi kuliko tishu za jirani.

Lakini angalia jambo hili. Mwaka 1992 iligunduliwa kwamba MYC ikiwashwa katika seli ambayo haina chakula cha kutosha cha ukuaji, seli ile hujiua badala ya kukua. Mwaka 1994 ikaonekana kwamba ODC ni sehemu ya kifo hicho: walipoizuia ODC, seli chache zaidi zilikufa. Bomba lililofunguliwa kwa pupa ni amri ya kukua na papo hapo ni king'ora. Mwili umeyafunga mambo haya mawili pamoja kwa makusudi, ili seli inayojitia kukua bila idhini ijimalize. Ndiyo maana kansa haitokei kila siku kwa kila mtu. Seli ya kansa iliyofaulu ni ile iliyoweza kulifungua bomba na pia kukikata king'ora, mara nyingi kwa kuvuruga p53 au kwa kuzidisha protini zinazoziba mitokondria zisitobolewe.

Hapa ndipo tofauti ya “kulisha kansa” na “kusababisha kansa” inapohitaji kushikwa. Poliamini ni mahitaji ya ukuaji wowote. Zinaukuza uvimbe kama zinavyomkuza mtoto tumboni.

Wataalamu walijaribu kulifunga bomba. Dawa waliyoitengeneza miaka ya 1970 inaitwa eflonithini, nayo huikamata ODC na kuilemaza isifanye kazi tena. Kwa kansa nyingi matokeo ya mwanzo yalivunja moyo: seli zilisimama zaidi ya kufa, na zilijifunza kunyonya poliamini kutoka nje, maana zimo katika chakula na hutengenezwa pia na bakteria wa utumbo. Ilipofaulu kwa kishindo ilikuwa kwa ugonjwa mwingine kabisa, malale, ule unaoenezwa na mbung'o. Mwaka 1990 iliidhinishwa Marekani kwa malale ya aina ya gambiense, inayopatikana Afrika Magharibi na ya Kati. Wagonjwa waliokuwa wamezimia waliamka, hata ikaitwa dawa ya ufufuo. Kwa nini kimelea adhurike kuliko mgonjwa? Kwa sababu ya zile dakika tulizozitaja. ODC yetu husagwa na kutengenezwa upya kila mara, kwa hiyo hata ikilemazwa, nyingine iko njiani. ODC ya kimelea hukaa muda mrefu. Ikilemazwa, mbadala wake huchelewa. Juu ya hayo, kimelea hutumia spermidini kujijengea kinga yake dhidi ya oksijeni kali, na ikikosekana hubaki uchi.

Kwa upande wa kansa subira ilizaa matunda machache ya kweli. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya jaribio la miaka mitatu kwa watu waliowahi kutolewa vinyama vya utumbo mpana, vile ambavyo baadhi hugeuka kansa. Walipewa eflonithini pamoja na sulindaki, dawa ya maumivu ambayo huiwasha SSAT. Ukiliangalia kwa macho ya tangi, wamefunga bomba na kufungua mfereji kwa wakati mmoja. Vinyama vilirudi kwa asilimia 12 hivi ya waliopewa dawa, dhidi ya asilimia 41 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa watu waliorithi ugonjwa wa vinyama vingi utumboni, jaribio la baadaye halikutoa ushindi wa wazi namna hiyo. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha eflonithini kwa watoto na watu wazima wenye neuroblastoma ya hatari kubwa, kansa ya seli changa za neva inayowapata zaidi watoto, ambao matibabu ya awali yamewasaidia angalau kwa kiasi, ili kupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Dawa ina madhara yake. Mojawapo ni kupungua kwa usikivu, kwa hiyo wanaoitumia hupimwa masikio.

Lilijaribiwa pia wazo la kuwatumia mamluki: molekuli zinazofanana na poliamini lakini zisizoweza kazi zake. Seli huziona, hudhani tangi limejaa, hufunga bomba na kuipandisha SSAT mara mamia, na poliamini za kweli huvujishwa zote. Maabara seli za kansa zilikufa kwa wingi. Kwa wagonjwa, mafanikio hayajalingana na yale ya maabara.

Na vile vidonge vya kurefusha maisha?

Turudi kwenye dai la kwanza. Mwaka 2009 kundi la watafiti lilionyesha kwamba spermidini huongeza maisha ya hamira, nzi na minyoo, kwa kuchochea kitu kiitwacho otofaji. Neno hilo huchanganywa sana na apoptosisi, na hapa ndipo wengi hupotea. Otofaji ni seli kukusanya vyombo vyake vilivyochakaa, kuviyeyusha na kutumia mabaki yake upya. Nyumba haivunjwi, inafagiwa na kukarabatiwa. Mara nyingi otofaji huisaidia seli isife. Mwaka 2016 panya waliopewa spermidini katika maji ya kunywa waliishi muda mrefu zaidi, na mioyo yao ikazeeka polepole. Inajulikana pia kwamba kiasi cha poliamini hushuka katika tishu nyingi kadiri umri unavyosonga.

Yote hayo ni kweli, na ni mazuri. Lakini panya wa maabara si mzee wa miaka sabini. Jaribio moja lililofanyika Ujerumani, likachapishwa mwaka 2022, liliwachukua wazee 100 waliohisi kumbukumbu zao zinalegea, likawapa nusu yao spermidini kwa miezi 12, miligramu 0.9 kwa siku. Kumbukumbu zao hazikuwa bora kuliko za waliopewa vidonge vitupu. Hili halimaanishi kwamba spermidini haina kazi, kwa kuwa kipimo kilikuwa kidogo na chakula cha kawaida, hasa kiini cha ngano, soya, uyoga, kunde na jibini iliyokomaa, huleta zaidi ya hapo. Linamaanisha kwamba anayekuuzia kidonge kwa ahadi ya kumbukumbu hana ushahidi mkononi.

Wapo pia wanaosema spermidini “huua seli zee na kuacha nzuri”. Tayari umeona kwa nini sentensi hiyo haisimami. Seli hupima tangi lake yenyewe. Ukiingiza poliamini kutoka nje, seli yenye boya zima hupunguza bomba lake na kufungua mfereji, na kiasi cha ndani kinabadilika kidogo tu. Na kwa mgonjwa aliye katika matibabu ya kansa, hasa anayetumia dawa ya kufunga bomba, kujiongezea poliamini kwa vidonge ni kumwaga maji kwenye tangi ambalo daktari wake anahangaika kulikausha. Huyo asinywe kabla ya kumwambia daktari. Soya na uyoga katika sahani yake ni jambo jingine. Hajakatazwa kula kwa sababu tu ya jina la kiambata kimoja.

Kuna watoto wachache duniani waliozaliwa na boya lisiloshika. Ugonjwa wao ulielezwa mara ya kwanza mwaka 2018: jeni lao la ODC limekatwa kwenye ncha, na ncha hiyo ndiyo inayoshikwa ODC inapopelekwa kusagwa. Bomba lao halifungwi. Hukua polepole kiakili na kimwili, misuli hulegea, na nywele hupukutika kichwani na kwenye nyusi. Madaktari walimpa mtoto wa kwanza eflonithini, dawa ileile ya malale. Ni dawa ambayo, ikitengenezwa kama krimu, watu wengine huipaka usoni ili nywele zisiote haraka, kwa kuwa kinyweleo chenye afya kinahitaji poliamini ili kisukume unywele. Kwa mtoto yule, ambaye vinyweleo vyake vilikuwa vimefurika, dawa ilifanya kinyume. Nyusi zilianza kuota, kisha nywele za kichwani.